Daftari, kompyuta ya ofisini, WhatsApp au hifadhi ya mtandaoni: taarifa za wateja wako uzitunze wapi?

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi ya nyumba moja ya wageni upande wa Kirumba, namsubiri mwenye nyumba anipe risiti za mwezi. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi juu ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi wa nailoni. Akaingia kijana akaulizia chumba. Mhudumu alipoinama kutafuta ufunguo, yule kijana akafunua ukurasa wa nyuma, kisha wa nyuma yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, anatoka wapi, anakwenda wapi. Hakuandika kitu. Alipoambiwa chumba kipo, akasema atarudi, akaondoka zake.

Mhudumu hakuona tatizo, kwa kuwa hakuna kilichoibiwa. Lakini mfanyabiashara aliyeshuka na meli kutoka Ukerewe akiwa na fedha za mabondo, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ghali, alikuwa humo, na namba yake, na siku anayoondoka. Kama kuna mtu alitaka kumpigia akijifanya wakala wake wa kila siku, alishapata kila anachohitaji.

Natunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Mwanza: wauza dagaa, maduka ya dawa, vikundi vya kukopeshana, nyumba za wageni. Siku hizi karibu kila mmoja ananiuliza swali lile lile: tubaki na daftari au tuhamie kwenye kompyuta? Wengine wameshahamia WhatsApp bila hata kukata shauri. Na sababu ya kuuliza ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume, na cheti chake hudumu miaka mitano.

Kabla ya kulinganisha, niondoe dhana moja inayowadanganya wengi. Watu wanadhani sheria hii ni ya benki na kampuni za simu, na kwamba mwenye daftari hahusiki. Sheria inazungumzia taarifa inayomtambulisha mtu, iliyorekodiwa kwa namna yoyote. Kitabu cha wageni kimo. Daftari la madeni la duka la jumla kule Igoma limo.

Kwa hiyo njia zote nne ziko chini ya sheria moja. Nazilinganisha kwa maswali ambayo mwenye biashara anaweza kujijibu mwenyewe jioni akifunga duka.

Taarifa zikitoka, utajua?

Hili ndilo swali ninalolitanguliza, na ndilo ninaloona watu hawajiulizi kabisa.

Daftari likiibiwa, asubuhi utakuta pengo kwenye rafu. Nakala ni moja, na ikiondoka imeondoka. Mtu anaweza kulipiga picha kwa simu, ni kweli, ila mwenye kutaka majina mia nane itabidi asimame pale muda wa kutosha hadi mtu amuulize anafanya nini. Huo ni ulinzi mkubwa kuliko tunavyoupa heshima, mradi daftari liwe ndani ya droo yenye kufuli na si juu ya kaunta.

Kompyuta ya ofisini ni habari nyingine, na hapa nina kisa kilichonifunza. Nilikwenda steshenari moja katikati ya mji kuchapa mkataba. Dada wa pale akawa anatafuta faili langu kwenye skrini iliyojaa wasifu wa waomba kazi, barua za mirathi na kadi za harusi. Akabofya faili lingine kwa bahati mbaya. Likafunguka: safu ya majina, safu ya namba za NIDA, namba za simu, mkopo, rejesho, mdhamini. Juu limeandikwa jina la kikundi. Kilikuwa kikundi ambacho mimi ndiye ninayekitunzia hesabu.

Nikampigia katibu wao. Akaniapia kwamba flashi anayo, iko kwenye mkoba wake, haijawahi kupotea. Na alikuwa anasema kweli. Wiki tatu nyuma alikwenda pale kuchapa orodha ya mkutano, flashi ikawa nzito kufunguka, dada akalinakili faili kwenye kompyuta ili kazi iende. Likabaki. Kwa wiki tatu kila aliyeketi kwenye ile kompyuta angeweza kujua nani katika kikundi anadaiwa shilingi ngapi na nani kamdhamini. Katika vitabu vya katibu hakuna kilichopungua.

Hiyo ndiyo hatari ya faili: linatoka huku likiwa bado lipo mkononi mwako. Nywila kwenye faili lenyewe ingesaidia sana siku ile. Excel inaruhusu kulifunga faili kwa dakika moja. Katibu alifunga kompyuta ya ofisi kwa nywila, akadhani imetosha. Nywila ya kompyuta inabaki ofisini. Faili likipanda flashi linakwenda utupu.

WhatsApp ni mbaya zaidi kwa swali hili, na nalisema nikijua wazi kwamba nusu ya biashara za mji huu zinaendeshwa humo. Watu wananijibu kwamba ujumbe wake umefungwa, hakuna anayeusoma njiani. Ni kweli, njiani hausomeki. Ila ukishafika kwenye simu ya mtu, uko kwenye simu ya mtu. Ukituma picha ya vitambulisho vya wateja kwenye grupu la wafanyakazi, kila simu ndani ya grupu imepata nakala, na aliyeacha kazi mwezi uliopita kaondoka na ya kwake. Halafu akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne. Kama uliwahi kuifungua kwenye kompyuta ya steshenari ili uchape kitu na hukuitoa, ingia sasa hivi kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa uangalie. Nimekaa na mama mmoja muuza vitenge wa Makoroboi tukakuta kompyuta asiyoijua. Aliinamisha kichwa akanyamaza, kwa sababu humo ndimo wateja wake humtumia majina na anwani za kufikishiwa mzigo.

Hifadhi ya mtandaoni, iwe programu ya mauzo inayolipiwa kwa mwezi au faili lililowekwa kwenye Google Drive, ndiyo pekee kati ya hizi nne ambayo mara nyingi huweka kumbukumbu: nani aliingia, saa ngapi, alibadilisha nini. Kiasi cha kumbukumbu kinategemea huduma uliyochukua, hivyo uliza kabla ya kulipa. Na inakuwa na maana pale tu kila mfanyakazi anapokuwa na akaunti yake. Nimeshaona duka la wafanyakazi watano wakitumia akaunti moja, nywila imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Kumbukumbu ilikuwepo, ila ilimtaja mtu mmoja tu: duka.

Zikiharibika, utazirudisha?

Hapa hadithi inageuka. Daftari lililokuwa bora kwenye swali la kwanza linashika mkia. Mwaloni, soko letu la samaki, ni mahali pa maji, magamba ya samaki na mifuko ya dagaa inayovuja mafuta. Nimeshapokea madaftari ambayo kurasa zake zimegandana kama mkate, wino umekuwa wingu la bluu. Nakala ikiwa moja na ikafa, deni limekufa nayo, labda mdaiwa awe mcha Mungu. Na sheria haihesabu kuvuja peke yake. Mwenye kutunza taarifa anawajibika kuzilinda pia zisipotee, zisiharibiwe wala kubadilishwa bila idhini.

Kompyuta inaangushwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na virusi vinavyosafiri kwa flashi kutoka steshenari hadi ofisini. Vipo vinavyofunga mafaili yako yote na kudai fedha ndipo vikufungulie. Dawa yake ni nakala ya pili kwenye diski isiyochomekwa muda wote. Watu wengi huweka nakala ya pili kwenye kompyuta ile ile, jambo ambalo ni sawa na kutokuwa nayo.

Mtandaoni ndiko salama zaidi kwa hili. Kompyuta ikiungua, unaingia kwa simu. Angalizo langu moja: akaunti ya bure ya Google yenye GB 15 ni ya mtu binafsi. Kama aliyeifungua ni karani wako kwa namba yake ya simu, siku mkigombana anaondoka na ofisi nzima mfukoni. Fungua kwa jina na namba ya biashara, weka uhakiki wa hatua mbili (nywila pamoja na msimbo), na namba inayopokea msimbo iwe imesajiliwa kwa mwenye biashara. Piga *106# uhakikishe ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mwenye taarifa akija mlangoni, utamjibu?

Sheria inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, kuziona, kutaka zirekebishwe, zifutwe zisipohitajika tena, na kukataa kutumiwa matangazo. Wengi wanaichukulia kuwa haki ya kwenye makaratasi, hadi mtu atokee kweli.

Alitokea, kwenye kile kikundi. Mama mmoja wa makamo, alishamaliza mkopo wake na kujitoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza, jina langu bado limo kwenye vitabu vyenu? Maana napigiwa simu na watu wa mikopo nisiowajua, wanajua hadi nilikopa kiasi gani."

Katibu akafungua daftari. Ili kumwonyesha mstari wake, ilibidi amwonyeshe na mistari ya majirani zake kumi na minane, akawa anafunika kwa kiganja cha mkono huku na huku. Daftari lina udhaifu huo: halimtenganishi mtu na mwenzake. Kwenye Excel kumpata mtu ni sekunde mbili, ila ukishafuta mstari wake unabaki kujiuliza umefuta kwenye nakala ipi, maana ipo ya mwezi wa tatu, ipo iliyoitwa ya mwisho, na ipo ya mwisho kabisa. Kwenye hifadhi ya mtandaoni nakala mnayofanyia kazi ni moja, hujiulizi ufute ipi, na unaweza kumpa mtu kurasa zake peke yake. Kwenye WhatsApp huwezi kumwahidi chochote, kwa kuwa picha ziko kwenye simu usizozimiliki.

Sikuweza kuthibitisha kwamba namba ya yule mama ilitokea kwenye lile faili la steshenari. Tarehe zinalingana. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mtu aliyekopa laki tatu ili mtoto aanze kidato cha kwanza anastahili kulipa deni lake kwa siri kama wanavyolipa matajiri. Mji huu tunaijua kausha damu, mikopo ya riba inayomkamua mtu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni, na miongoni mwa malalamiko makubwa ya wananchi ilikuwa ni kudhalilishwa: ndugu na marafiki wa mkopaji kupigiwa simu, namba zao zikiwa zimechotwa kwenye simu yake. Halafu nakuta kikundi cha mtaani, cha watu wanaozikana, kimetuma picha ya mdaiwa kwenye grupu ikiwa na maneno ya kumfedhehesha. Tafadhalini, acheni. Kwa sheria yetu miamala ya fedha ya mtu ni miongoni mwa taarifa nyeti, kundi moja na taarifa za afya, za watoto na alama za vidole, na kanuni ya jumla ni kwamba huzichakati bila ridhaa yake ya maandishi.

Adhabu si za kutisha watoto. Anayefichua taarifa kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, faini ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Ikiwa ni kampuni, faini inaanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Ng'ambo ya ziwa, Kenya, ambako sheria yao ni ya mwaka 2019, mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa mwaka 2023 shilingi za Kenya milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wenye saluni na kumbi wa hapa kwetu wanaoposti wateja kila Jumamosi walitazame hilo.

Mtego wa seva za nje

Nimeisifu hifadhi ya mtandaoni, sasa niseme udhaifu wake mkubwa kisheria. Programu nyingi tunazotumia zina seva, yaani kompyuta zinazotunza data, nje ya nchi. Sheria imeweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania, na kanuni za 2023 zimeweka utaratibu wa kuomba kibali cha Tume. Daftari halina tatizo hili, na kompyuta ya ofisini isiyounganishwa na mtandao haina pia. Kabla ya kununua programu ya mauzo, muulize muuzaji maswali mawili na umtake ajibu kwa maandishi: seva ziko nchi gani, na tukiachana mnafuta data zangu lini? Muuzaji anayezunguka kwenye swali la kwanza, mimi simpendekezi hata akitoa miezi sita ya bure. Yeye kisheria ni mchakataji, wewe ni mkusanyaji, na mteja aliyeumizwa atakuja kwako kwanza.

Jambo hili linawagusa hasa wenye wateja wa Kisumu na Kampala. Ukimtumia wakala wa kule orodha ya wateja wako wa mabondo, umesafirisha taarifa, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

Basi nani achukue ipi

Duka dogo la mtaani lenye wadaiwa thelathini: baki na daftari. Nasema hivi bila kusita, ingawa wauza programu hawatanipenda. Droo yenye kufuli, daftari moja, jina na kiasi. Namba ya NIDA ya mtu anayedaiwa kilo mbili za sukari huihitaji, na usichokiandika hakitavuja.

Kikundi cha kukopeshana au SACCOS ndogo: nenda mtandaoni, lakini kwa masharti niliyotaja, akaunti moja kwa kila kiongozi, na jibu la seva likiwa mkononi. Kama mko kisiwani ambako mtandao unakuja na kuondoka, kompyuta moja isiyotoka ofisini, faili limefungwa kwa nywila, printa yenu wenyewe. Printa ya bei nafuu ingeliokoa kikundi changu na yote yaliyotokea. Na jisajilini kwa Tume.

Duka la dawa linaloandika wagonjwa na dawa zao: hapa sishauri WhatsApp kwa hali yoyote, hata kwa picha ya cheti cha daktari ikitumwa "mara moja tu". Ikiingia, toa dawa, futa picha mbele ya mteja. Kumbukumbu zibaki kwenye programu au rejista iliyofungiwa.

Wauza mzigo wanaoishi kwa WhatsApp siwezi kuwaambia waiache, wateja wako humo. Pokeeni oda humo, mkishafikisha mzigo futeni anwani na namba, wekeni uhakiki wa hatua mbili, na simu ya biashara isiwe ile anayochezea mtoto. Namba inayowatumia wateja wenu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Na ikitokea kuvuja, mjulishe Tume bila kuchelewa, kisha wahusika. Tulifanya hivyo kwa kikundi. Dada wa steshenari alifuta faili mimi nikiangalia, akamwaga na pipa la taka la kompyuta. Katibu akaandika barua kwa kila mwanachama, ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: taarifa gani, zilikaa wapi, siku ngapi, na wafanye nini wakipigiwa simu. Wawili walikasirika wakajitoa. Waliobaki waliomba kuona jinsi faili jipya linavyofungwa.

Ile nyumba ya wageni ya Kirumba haikununua kompyuta. Kila mgeni sasa anajaza fomu yake peke yake, karatasi moja, anaikunja na kuitumbukiza kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo anao mwenye nyumba.